Siti binti Saad hakuimba bure

Mwaka jana nilikaa Dagahaley miezi mitatu nikifundisha vijana kupiga picha na kuhariri video. Kwa msomaji wa Pwani ambaye safari zake za kaskazini huishia Garsen, Dagahaley ni mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa, pamoja na Ifo na Hagadera. Ukitoka Mombasa unapita Malindi, Garsen na Hola, unalala Garissa, kisha unaingia kwenye mchanga mwekundu na miti ya miba kwa kilomita mia moja hivi hadi Dadaab, na Dagahaley iko mbele kidogo. Ifo ilifunguliwa 1991, Dagahaley na Hagadera 1992, zote tatu zikikusudiwa watu 90,000 na kwa muda mfupi tu. Muda huo mfupi sasa umepita miaka thelathini. Wanafunzi wangu karibu wote walizaliwa humo humo.

Waliniita maalim. Neno hilo Wasomali wanalo kama tulivyo nalo sisi, kwa hivyo nilijihisi niko Kisauni.

Kati yao alikuwako barobaro mmoja mwenye jicho. Kamera ilikuwa ya watu watatu, wakigawana siku, lakini siku yake ikifika ungejua. Mamake huuza anjera sokoni alfajiri, na picha ya kwanza nzuri aliyoniletea ilikuwa ya mikono ya mamake ikizungusha uji wa unga juu ya bamba la moto. Wiki moja kabla sijaondoka alinijia baada ya somo na swali ambalo kila mtu wa sanaa aliwahi kuulizwa au kujiuliza. Kuna wageni wanakuja kutoka Nairobi kwa ajili ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Wanataka video ya siku tatu, ipigwe na ihaririwe na mtu wa kambini. Malipo hakuna. Kuna cheti, chakula cha mchana, na jina lake mwisho wa video. Je, akubali?

Nikamwambia akubali. Nilijibu haraka, kama mzee anavyojibu akiwa na usingizi. Nikamwambia sote tulianza hivyo, jina kwanza pesa baadaye, na ili kumtuliza nikaanza kumsimulia maisha ya Siti binti Saad. Nilidhani ni mfano wa kunisaidia. Nilipofika katikati nikaona mfano wenyewe unanigeuka.

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, mnamo 1880. Siku hizo utumwa ulikuwa bado halali Unguja. Amri ya kuuondoa ilikuja 1897. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake Mzigua, na jina alilopewa mtoto halikuwa Siti bali Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Mtu akiitwa kwa jina hilo kila siku kuanzia asubuhi, nafasi yake mjini imeshatangazwa kabla hajafungua mdomo.

(Hapa kijana alinikatiza. Wazigula, akasema, wako. Na kweli wako. Kati ya wakimbizi waliokuja Dadaab kutoka bonde la Juba wamo watu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nchi ya Uzigua, Tanga, karne ya 19, wakatoroka mabwana zao na kufanya makazi kando ya mto, na lugha yao wakaihifadhi hadi leo. Wengi walipelekwa Marekani miaka ya 2000. Kwa hivyo mama yake Siti na majirani wa zamani wa mama yake huyu kijana wana shina moja. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka aliposema yeye.)

Kazi ya Mtumwa ilikuwa ufinyanzi. Alijifunza kwa mama yake: kuchimba udongo, kuukanda, kufinyanga chungu na mtungi, kuanika, kuchoma. Kisha unabeba kichwani, unatembea kwa miguu kutoka shamba hadi mjini, unapita mitaani ukinadi. Sauti yake ilijulikana kwanza hapo. Alinadi vyungu vyake kwa kuimba, na watu wakamjua kwa sauti kabla hawajamwona. Inasimuliwa kwamba walio ndani waliisikia ikiwa bado mbali wakajua muuza vyungu anakuja.

Nilipofika hapa nikasita, maana nilikuwa nimekusudia kumwambia kijana kwamba Siti naye alianza kwa kuimba bure mitaani. Lakini si kweli. Hakuimba bure. Aliimba, vyungu vikanunuliwa, na pesa ya vyungu ilikuwa yake na ya mama yake. Sauti ile ilikuwa na mwajiri mmoja tu, naye ni mwenye sauti. Hakuna tajiri wa Mji Mkongwe aliyemwita aje amwimbie nadi za vyungu vya mtu mwingine ili apate kujulikana.

Niliyanyamaza hayo kwa wakati huo nikaendelea na hadithi.

Aliolewa, akazaa, ndoa haikudumu. Mnamo 1911 akahamia mjini. Ni rahisi kulisema hili kwa sentensi moja, lakini lilikuwa jambo zito: mwanamke wa shamba, wa asili ya utumwa, asiyejua kusoma wala kuandika, hana jamaa wa kumshika mkono, na anachokijua ni udongo. Mji wa wakati huo ulikuwa na taarabu yake tayari. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuileta kutoka Misri, na alimtuma mtu Kairo akajifunze kinanda cha kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho hadi leo kipo. Taarabu ile iliimbwa kwa Kiarabu, ikapigwa na wanaume, ikasikilizwa na wakubwa. Mwanamke jukwaani hakuwepo.

Mtu wa Ikhwani Safaa aitwaye Ali Muhsin alimsikia, akajua alichokisikia, akamchukua na kumfundisha. Alimfunza kuimba kwa mpangilio wa ala, kuimba Kiarabu kwa matamshi yake, kuhifadhi kwa moyo kile ambacho wengine walikuwa nacho kwenye karatasi. Mtu asiyejua kusoma akishika wimbo mrefu wa Kiarabu, harufu kwa harufu, ujue amekesha. Kisha wakamkutanisha na wapigaji ambao majina yao yanapaswa kutajwa kila linapotajwa la kwake: Subeti bin Ambari mpiga udi, Buda bin Swedi, Mbaruku Talsam aliyekuwa hodari wa fidla, na Maalim Shaaban. Hawa ndio waliokuwa jamaa zake wa kazi kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Kijana akaniuliza kama Siti alilipwa siku zile za kujifunza. Swali zuri. Katika siku za kujifunza hakuna aliyemlipa mwenziwe, na nadhani hapo hapana ubaya. Ali Muhsin alitoa ujuzi, Siti alitoa juhudi, na kilichopatikana kilibaki kooni mwa Siti. Alipoondoka kwenye somo aliondoka nacho. Ndivyo ilivyo chuoni, ndivyo ilivyo kwa fundi seremala anayekubali kijana afagie karakana huku akionyeshwa randa inavyoshikwa. Bi Kidude, aliyefariki 2013, naye alianza kwa kumfuata Siti na kumsikiliza, na hakulipwa kwa kusikiliza.

Lakini mkufunzi awe mkufunzi kweli. Nilimuuliza kijana: hao wageni wa Nairobi, kati yao yuko atakayekaa nawe usiku akuonyeshe namna ya kusafisha sauti, au ya kupanga rangi? Akasema hapana, wanakuja na gari asubuhi na kuondoka jioni, na video wanaitaka siku ya tatu.

Basi turudi Unguja. Sifa za kikundi zilipoenea, majumba makubwa yalianza kumwita. Harusi za Waarabu na Wahindi wenye nafasi, karamu, na nyumba ya Sultani mwenyewe, Seyyid Khalifa bin Harub. Huko Siti alikwenda kama fundi aliyeitwa kazini, akatunzwa, na jamaa zake wakatunzwa. Wakati huo ndipo jina la Mtumwa lilipodondoka na la Siti likashika, maana yake bibi mwenye heshima. Mtu alizaliwa akiitwa mali ya watu, akazikwa akiitwa bibi. Sijui taarabu nyingine iliyofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Na jioni ambazo hakuitwa popote? Nyumba yake Ng'ambo ndiyo ilikuwa mahali pa mazoezi. Wapigaji walikutana hapo, wakatunga, wakabishana, wakarekebisha, na majirani wakawa wasikilizaji. Ng'ambo ilikuwa upande wa wachukuzi, wapagazi, waosha nguo, vijakazi waliokuwa jana watumwa. Hao hawakuwa na cha kumtunza, na waliisikia bure sauti ile ile ambayo Mji Mkongwe ulikuwa ukiilipia. Nao walilipa kwa namna yao. Ndiko zilikotoka habari: nani kadhulumiwa, hakimu kaamua nini, mume gani kampiga mkewe, karani gani kala cha wasiojua kusoma. Nyimbo za Siti zilijaa mambo ya mtaa. Kuna ule maarufu wa Kijiti, kuhusu mwanamke aliyeuawa na muuaji akatoroka, huku wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi wakiishia wao kuadhibiwa. Mtu wa kasri asingempa wimbo huo. Ulitoka Ng'ambo.

Nimelifikiria sana hili tangu nitoke Dagahaley. Sisi tunaofanya kazi za mikono na macho tumezoea kufanya kinyume chake. Jirani masikini akitaka picha ya mwanawe aliyehitimu madrasa, tunamtajia bei. Tajiri akitaka picha za hoteli nzima, tunakwenda bure ili atujue. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana, nilipiga picha za hoteli moja ya ufuoni kwa misimu miwili bila hata nauli ya matatu. Waliniahidi jina. Picha zangu zilikaa kwenye mabango yao miaka na miaka, na jina langu halikuwemo hata kwa herufi ndogo. Nilipokwenda kudai niliambiwa wapo vijana wengi wenye kamera. Na kweli walikuwapo, kwa sababu sisi sote tulikuwa tumekwisha kuwazoesha kwamba picha haina bei.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza bomba, iliwapeleka Siti na wenziwe Bombay kurekodi. Hebu fikiria: mfinyanzi wa Fumba amepanda meli kuvuka bahari ya Hindi kwa ajili ya sauti yake. Huwa anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri. Safari ilirudiwa, nyimbo zikaongezeka, nyingi kwa Kiswahili, nyingine kwa Kiarabu na hata Kihindi. Upande mmoja wa santuri ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi, kwa hivyo tungo zilizokuwa zikiimbwa usiku kucha ziliminywa. Lakini dakika tatu hizo zilifika Lamu, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, na bara. Mtu aliyekaa mkahawani akinywa kahawa tungu alisikia kwa mara ya kwanza mashine ikiimba kwa lugha yake mwenyewe.

Hapo ndipo Kiswahili kilipoikalia taarabu. Kampuni ya watu wa mbali haikufanya hivyo kwa mapenzi ya Kiswahili. Ilikuwa inauza mashine za kupigia santuri, na mashine bila santuri ni meza tu. Walimhitaji Siti kuliko Siti alivyowahitaji wao, na hili ni jambo ambalo mtu mchanga wa kazi huwa halioni. Anadhani yeye ndiye anayesaidiwa. Wageni wa Nairobi nao wasingeweza kusimama kwenye hafla ya Siku ya Wakimbizi wakionyesha video iliyopigwa na mtu wa Westlands. Thamani yote ya ile video ilikuwa ni kwamba imepigwa na mkimbizi. Walikuwa wanakitaka kitu ambacho ni yeye tu aliyekuwa nacho, na hicho ndicho hawakukiwekea bei.

Sifa nazo zilileta husuda. Ulitungwa wimbo wa kumsuta Siti hadharani, kumkumbusha kwamba alikuja kutoka shamba na kaniki yake moja, na kwamba hana sura. Siti hakupeleka kesi popote. Alijibu kwa wimbo, kwamba sura si hoja, akili ndiyo inayotazamwa. Mpaka leo bibi zetu wanaujua huo wa jibu, ule wa matusi umebaki kwa sababu tu jibu lilikuwa zuri. Na tazama alichosutiwa: nguo aliyokuja nayo. Mtu wa chini akianza kulipwa, kosa lake la kwanza huwa ni hilo, kwamba jana alikuwa hana.

Dagahaley hilo wanalijua kwa jina jingine. Kwa miaka mingi mkimbizi hakuruhusiwa ajira kama mwananchi. Akifanya kazi katika mashirika analipwa kile wanachokiita insentivu, posho ya mwezi ambayo ni ndogo kuliko mshahara wa Mkenya aliyekaa naye meza moja wakifanya kazi ile ile. Sheria mpya ya wakimbizi ya 2021 imezungumzia haki ya kufanya kazi, lakini desturi ya posho imeota mizizi. Kijana aliyekulia hapo, ambaye babake ni mkalimani wa posho na dadake muuguzi wa posho, akiombwa afanye kazi bila hata posho haoni kama amevukwa mpaka. Anaona ni ngazi moja tu chini ya ile aliyoizoea. Ndiyo sababu swali lake lilinichoma baadaye kuliko lingenichoma lingeulizwa na kijana wa Nyali mwenye nyumba ya babake ya kurudi.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo Shaaban Robert alimwendea, akaketi naye, na kutokana na mazungumzo yale akaandika wasifu wake, ambao ni mojawapo ya vitabu vya kwanza vya Kiswahili kueleza maisha ya mwanamke. Wale waliosoma shule zetu za zamani watakikumbuka. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake kililiita Sauti ya Siti.

Hadithi iliishia hapo, jua likiwa limeshuka na mbuzi wakirudishwa. Kijana alikaa kimya. Kisha akaniuliza kwa adabu kabisa kwa nini basi mwanzo nilimwambia akubali. Nikamwambia kwamba nilikosea, na kwamba nilikuwa nimejibu kwa ajili ya kijana niliyekuwa mimi, ili nisimwone mjinga. Nikamwambia pia jambo ambalo lazima nilikiri hapa: akikataa kuna wengine, na mimi nitakuwa Mombasa nikila samaki wangu. Asiyelala njaa asimfundishe mwenye njaa kukataa sahani. Chakula cha mchana cha siku tatu si kitu cha kudharau.

Usiku ule tuliandika barua pamoja, fupi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Alitaja bei ya siku, bei ya kuhariri, pesa za intaneti, na sharti kwamba nakala ya picha zote abaki nayo. Bei ya siku tulibishana. Mimi nilitaka iwe juu, yeye akaishusha, akisema mamake anapata kiasi gani kwa siku kwa anjera na haoni haya kumzidi mara mbili lakini mara tano angeona haya. Nikamwachia.

Wageni hawakukubali. Walijibu kwa ukarimu kwamba bajeti haikuwa na kifungu hicho, wakampata kijana mwingine wa bloku ya jirani, rafiki yake, aliyefurahi mno. Sikumlaumu, na huyu wangu hakumlaumu. Ila yule rafiki hakuwa na tripodi, na tripodi ilikuwa ya huyu, aliyoinunua kwa pesa ya harusi mbili alizopiga Ifo.

Alinipigia simu nikiwa nimeshafika Malindi. Tripodi amewapa, siku zote tatu. Nilidhani amewaazima, nikaanza kumsifu kwa moyo wake. Akacheka. Amewakodisha kwa siku, pesa mbele, na aliyelipa ni wageni wa Nairobi. Kumbe bajeti ya vifaa ilikuwepo.